Tumehamia Dar na watoto watatu: mtaa gani watoto bado wanacheza nje?

Mja Leo

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mtu wa Tanga. Mwezi wa kwanza nilipata kazi kwenye karakana moja pale Gerezani, jirani na Kariakoo, nikatangulia peke yangu, nikawa nalala kwa binamu yangu Buguruni. Likizo ya mwezi wa sita mke wangu na watoto wakanifuata. Watoto ni watatu: wa kike ana miaka 11, wa kiume 8, kitinda mimba 4.

Nyumba niliyowapangia niliiona mara moja tu, saa saba mchana, nikiwa na dalali. Vyumba viwili na sebule ndani ya uzio, wapangaji wanne, kila mtu na mita yake ya umeme ya LUKU, vigae sakafuni, choo ndani. Laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi sita mkononi, na mwezi mmoja wa dalali. Mtaa siutaji maana mwenye nyumba huenda naye anasoma hapa, na kusema kweli hana kosa. Nyumba ni nzuri. Siku ile nilijiona mwanaume.

Siku ya tatu mwanangu akatoka na mpira wake wa nailoni na matambara, kaufunga mwenyewe kwa kamba, akaenda kutafuta wenzake. Akagonga mageti matano. La kwanza mlinzi akamwambia humu hakuna watoto. La pili alijibiwa na mbwa. La tatu alifungua dada wa kazi, akasema mtoto yupo ila ana tuisheni mpaka saa kumi na mbili. La nne hakuna aliyefungua. La tano aliulizwa, "Umetumwa na nani?" Akarudi, akakaa kwenye ngazi anaudundisha mpira ukutani mpaka jirani akatoka kumwomba aache, analaza mtoto. Jioni nimerudi ananiuliza, "Baba, kwani huku watoto wanafungiwaga?"

Nikamwambia wanasoma sana.

Mimi nimekulia Ngamiani. Anayeijua Tanga anajua barabara zetu zina namba, mtu akikuuliza unakaa wapi unamtajia namba basi. Sisi tulikuwa barabara ya 12. Nyumba zimegusana, baraza mbele, baiskeli zimeegemezwa ukutani. Pale kwetu kulikuwa na bibi mmoja muuza visheti, chini ya meza yake ana kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo funguo za nyumba sita. Wa kwetu ulifungwa kitambaa cha kanga nyekundu. Ukitoka shule unanyoosha mkono tu, anakupa ufunguo wenu. Ukiingia ndani ukakaa kimya kupita kiasi, anakuja kuchungulia. Hakuwa ndugu yetu. Hadi leo sijui hata kabila lake.

Hicho ndicho ninachokitafuta, na najua hakiandikwi kwenye tangazo la nyumba. Dalali nikimwambia nataka mtaa wa familia ananipeleka kwenye geti jingine lenye mlinzi.

Uwezo wangu usizidi laki nne. Nifike Gerezani ndani ya saa moja, ikizidi sana saa moja na nusu, kwa sababu nikitoka alfajiri na kurudi saa tatu usiku huo mtaa nitakuwa nimewapangia wenzangu. Shule ya serikali ambayo mtoto haendi kuvuka barabara kubwa. Madrasa karibu. Na mke wangu ni fundi cherehani. Tanga alikuwa anashonea barazani, mtu anapita na gauni linalombana, analiacha, jioni anarudi kulichukua. Ndani ya uzio hajapata mteja hata mmoja. Cherehani tumeitandikia shuka, juu yake tumeweka televisheni.

Nimetajiwa Tabata, Sinza, Kibada. Mmoja akanitajia Bunju, nikamuuliza kama anataka niwe nalala njiani. Wenye watoto wadogo, mnakaa wapi na mnaishije?

Bwana Foleni

Waja leo waondoka leo, mkuu. Rudi kwenu ukale samaki.

Natania. Mimi nakaa mbele ya Kibamba, watoto wangu wananijua kwa kikohozi. Nimekaa hapa nasoma majibu.

Mama Wawili

Kaka, nakujibu kwa kirefu kwa sababu sisi tulikosea kwa gharama kubwa kuliko wewe. Wewe umepoteza kodi. Sisi tulijenga.

Tulinunua kiwanja Madale, tukajenga kidogo kidogo miaka sita, tukahamia 2019. Uzio wa tofali, geti jeusi, miembe miwili, watoto wana nafasi ya kukimbia. Walikimbia wiki mbili. Baada ya hapo wakawa wanashinda dirishani. Gari la shule lilikuwa linapita saa kumi na moja na robo alfajiri. Mkubwa alikuwa darasa la pili. Namvalisha soksi bado kasinzia, uji namwekea kwenye chupa anywe njiani, na jioni chupa inarudi na uji wake umeganda. Anashushwa saa kumi na mbili na nusu, wa mwisho kabisa, maana kwetu ndiyo mwisho wa njia. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu: mtoto wa miaka saba anakaa ndani ya gari karibu saa nne kila siku ya Mungu. Majirani zetu walikuwa watu wazuri sana. Tulikuwa tunaonana misibani.

Mwaka 2022 tukaipangisha nyumba yetu, tukaenda kupanga Tabata Kimanga. Upande wa mume wangu walitucheka: mtu ana nyumba yake halafu anakwenda kulipa kodi kwa mtu! Nikawaambia njooni mlale Madale, alfajiri mumuamshe nyie.

Tunapokaa sasa ni kichochoro, nyumba saba, na gari haliingii. Ndiyo siri yake yote hiyo, gari haliingii. Mchana watoto wa nyumba saba wamo mle: rede, kombolela, mdako, wanagombana, wanapatana, wanagombana tena. Sisi akina mama tuna kikoba, Jumapili elfu tano tano, lakini kwangu faida ya kikoba siyo hela. Ni kwamba najua nani yuko zamu gani. Mmoja wetu ni muuguzi, akiingia usiku mchana yupo nyumbani, basi wanaotoka shule mapema wanapitia kwake. Jumamosi nawachukua mimi. Hatujawahi kuitana kikao cha kupanga hilo, limejipanga lenyewe kwa kuombana chumvi.

Ubaya upo. Baa ya barabarani Ijumaa inapiga mpaka vyombo vya kabatini vinatetemeka. Maji ya bomba yana siku zake, simtanki ni lazima. Halafu kuna bonde la Msimbazi. Tabata ukipewa nyumba ya bei ya kushangaza upande wa mteremko, usitazame dari, tazama ukuta wa nje chini. Ukiona mstari wa tope, aga. Ukiona rangi mpya kuanzia magotini kushuka na juu ni ya zamani, hapo hata usiage.

Daladala za Kariakoo zipo. Utafika kazini kutegemea Buguruni imeamkaje siku hiyo.

Dalali Mstaafu

Nimefanya udalali wa nyumba miaka kumi na nne, Kinondoni na Ubungo. Sasa nauza mbao na usingizi napata. Watu kama wewe nimewaingiza mkenge wengi, Mungu anisamehe, kwa hiyo nisikilize.

Tunakuonyesha nyumba saa saba mchana kwa sababu saa hiyo mtaa umelala. Watoto wako shule, baa imefungwa, foleni hakuna, jirani mkorofi yuko kazini kwake. Na maneno yetu yana tafsiri. "Pametulia" maana yake daladala hazifiki. "Dakika tano toka barabarani" ni dakika za bodaboda. "Wapangaji wastaarabu" maana yake hawasalimiani. "Mwenye nyumba hakai hapa" tunaitoa kama sifa, na kwa kapera ni sifa kweli. Kwa mwenye watoto, uliza bomba likipasuka usiku anakuja nani.

Mtaa ukikuvutia, rudi bila dalali. Nenda saa kumi na moja jioni, siku ya kazi. Nunua vitunguu genge la kwanza, nyanya genge la pili. Usiulizie nyumba, ulizia fundi viatu. Wakikutajia jina lake na kukwambia leo humpati, kaenda kwenye msiba wa shemeji yake Mkuranga, jua umefika penye watu. Halafu tazama vitu vya watoto. Baiskeli ndogo imelala katikati ya njia, mwenyewe haonekani, na watu wanaizunguka bila kuishangaa: mimi nikiona hivyo ninge­lipa siku hiyo hiyo. Kisha urudi Ijumaa saa nne usiku usikilize, na siku mvua imenyesha utazame.

Kabla hujatoa hela pitia ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi wanakimbilia kwa mjumbe wa nyumba kumi, na si vibaya, wajumbe wengi wanajua nani kagombana na nani. Ila yule ni wa chama, utaratibu uliobaki tangu enzi za TANU. Barua ya utambulisho na muhuri utavipata kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Muulize ulinzi shirikishi upo? Nani anachanga? Kisha muulize kesi zinazomjia sana ni zipi. Akisema mipaka ya viwanja, kawaida hiyo, Dar nzima inagombania mipaka. Akisema taa za magari na betri, utajua uweke nini ndani. Akishusha sauti akaanza kuzungumzia watoto, shukuru, toka.

Na kuhusu hayo majina uliyotajiwa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa miaka ya 70 kwa ule mradi uliokopeshwa na Benki ya Dunia. Viwanja vidogo, njia zimenyooka, sehemu za shule na uwazi zikaachwa. Uwazi mwingi umeshamegwa, lakini njia zipo. Kibada, Mivumoni, Bunju ni mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002. Kule viwanja vikubwa, barabara pana, na wakazi mbalimbali. Nikisema mbalimbali namaanisha mmoja yuko mbali na mwingine. Kwa mwenye gari na bustani, raha. Mwanao atagonga mageti yale yale, tofauti ni kwamba atakuwa anatembea zaidi.

Kodi omba miezi mitatu. Atakataa. Mwambie unalipa leo hii, uone.

Mtoto wa Sinza D

Nimezaliwa Sinza D, nina miaka 34, kwa hiyo naomba niisemee. Sinza mnayoisema ni ya barabarani, baa na nyama choma na gesti. Ingia ndani mitaa mitatu utawakuta wazee waliojenga tangu mwanzo, wamekaa na redio. Hata vituo vyetu vinaitwa kama watu wanavyoitana: Kijiweni, Makaburini, Kwa Remmy, ndiye huyo huyo Remmy Ongala mwanamuziki.

Ila nisikudanganye. Uwanja tuliokuwa tunachezea chandimu sasa ni fremu kumi na moja za maduka, nimezihesabu. Goli la upande wa magharibi ni duka la vipodozi. Wenzangu wa timu ile wote wamehamia Goba na Kinyerezi, wanaopanga kwetu siku hizi ni vijana wasio na watoto. Na kwa laki nne utabanana.

Kwa ulivyoeleza, mbona hakuna aliyekutajia Magomeni? Nyumba za Kiswahili zenye baraza, misikiti ya kutosha, madrasa jioni utazisikia kabla hujaziona. Basi la mwendokasi unapandia kituo cha Mapipa au Usalama, Gerezani dakika ishirini ukishapata basi, na kupata basi ni hadithi nyingine. Mvua kubwa ikinyesha Jangwani panajaa maji, mabasi yanasimama, utabaki ng'ambo unaitazama Kariakoo kwa macho. Na usipange upande wa mabondeni hata ukipewa bure.

Ng'ambo ya Bahari

Dalali, Kibada umeionea. Nimehamia 2017, mwaka mmoja baada ya daraja la Kigamboni kufunguliwa. Watoto wangu wamejifunza baiskeli katikati ya barabara kwa sababu magari yenyewe hayapo. Upepo upo, kelele hakuna. Mja Leo, njoo na familia Jumapili, pandeni pantoni, watoto wafurahi bahari. Hata mkikataa mtakuwa mmetembea.

Ila fundi cherehani kwa huku... hapo sikudanganyi. Wateja atawafuata yeye.

Mja Leo

Mrejesho, wakuu. Imepita wiki tatu, sikukaa kimya kwa dharau.

Kibada tulikwenda wote. Pantoni watoto walifurahi mpaka wakasahau tumetoka kutafuta nyumba. Barabara kweli pana, mchanga, hewa kama Tanga pwani kule Raskazone. Tulikuta watoto wawili wa baiskeli, mwanangu akawafuata mbio, wakampa zamu moja moja. Nikasema moyoni ndiyo hapa. Kisha mdogo akataka maji ya kunywa, tukatembea robo saa mpaka duka la kwanza, mama yake kambeba mgongoni. Njiani mke wangu hakusema neno. Mnaojua wanawake wa Tanga mnajua hilo ni jibu.

Tabata nilikwenda peke yangu, jioni, kama Dalali alivyonielekeza. Nikanunua vitunguu, nikaulizia fundi viatu. Nikaelekezwa vizuri tu, kwa jina, na yeye mwenyewe nikamkuta, ikabidi nivue kiatu kizima kabisa nikashonewa soli ambayo haikuwa na shida, elfu tatu. Mtaa niliupenda. Mama Wawili hakukosea kuhusu vichochoro. Nyumba niliyopata ilikuwa mteremko, rangi mpya kuanzia magotini. Sikuaga.

Magomeni nimekwenda mara nne. Mara ya kwanza nilishuka Mapipa nikazunguka tu. Nikapita pale Magomeni Kota, yale maghorofa zilizokabidhiwa zile kaya 644 za kota za zamani mwaka 2022, watoto wamejaa chini wanacheza, nikasema hata ghorofani watoto wanashuka, kumbe tatizo si ukuta tu. Nikaingia mitaa ya ndani. Saa kumi na moja na nusu hivi. Kuna mzee anacheza bao na kijana wa bodaboda, mama anakaanga mihogo, na katikati ya njia, wallahi, baiskeli ndogo ya bluu imelala ubavu, gurudumu la nyuma bado linazunguka. Bodaboda ikaja, ikaikwepa, ikapita. Dalali, nilitaka kukupigia simu sina namba.

Nikamuuliza yule mama wa mihogo baiskeli ya nani. Akanitazama kwanza. "Unatafuta nyumba au unatafuta mtoto?" Nikamwambia nyumba. Akaniita nikae, akaniuliza kwetu wapi, kazi gani, mke yuko wapi, watoto wangapi, nimetoka kupanga wapi na kwa nini natoka. Sijawahi kuhojiwa hivyo hata siku ya kuposa. Alipomaliza ndiyo akasema nyumba ya tatu kuna vyumba.

Nyumba yenyewe ni ile ya Kiswahili kabisa: korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, uani jiko na choo na bafu. Mwenye nyumba ni bibi, anakaa humo humo upande wa kulia na mjukuu wake. Sisi tunapewa upande wa kushoto wote, laki na nusu zinajumlishwa na maji zinakuja laki tatu na sitini kwa mwezi. Miezi mitatu, na bila dalali. Baraza ya saruji mbele, pana, inaingia cherehani na kiti cha mteja. Madrasa nyumba ya tano. Shule hawavuki barabara yoyote yenye lami.

Sasa upande wa pili, maana sitaki mtu asome hapa aone nimeokota dhahabu. Vigae hakuna, ni saruji yenye nyufa. Choo ni cha uani, cha kuchangia na bibi. Umeme tunashirikiana LUKU moja, na nyote mnajua vita vya LUKU ya kuchangia. Nimeshanunua kifaa cha kupima umeme wa upande wetu, ufundi nao usaidie nyumbani. Kodi ya kule nilikolipa imebaki ya miezi miwili, nimeomba nirudishiwe hata nusu, jibu nililopewa siliandiki. Na faragha imekwisha. Ukuta wa chumba haufiki dari, ukikohoa bibi anakupa pole.

Hilo la faragha lilinisumbua mimi kuliko mke wangu. Nikamwambia, hapa kila mtu atajua umepika nini. Akasema, "Vizuri. Ndiyo watajua na siku sijapika."

Aliyekataa ni binti. Miaka 11, kashazoea choo cha ndani na kioo chake bafuni. Alisimama pale uani, akatazama mlango wa bati, akasema yeye atarudi Tanga kwa nyanya yake. Tulijadiliana siku nne. Kilichomlegeza si maneno yangu. Mara ya tatu nilipokwenda naye, mjukuu wa bibi, wa umri wake, alimchukua wakaenda kusukana kwa jirani, na nilipotaka kuondoka saa kumi na mbili nikaambiwa bado upande mmoja. Nikakaa barazani nasubiri binti yangu amaliziwe nywele kwenye nyumba ambayo siijui, na watu watatu tofauti wakapita wakaniambia amebakiza mistari miwili. Sasa amekubali, kwa sharti la tochi yake mwenyewe, siyo ya kushirikiana na kaka yake, na betri nanunua mimi.

Tunahama Jumamosi. Swali la mwisho: uhamisho wa shule ya msingi naanzia shule anayotoka au anayokwenda?

Mama Wawili

Hongera sana. Anzia anayokwenda. Mwalimu mkuu akikwambia nafasi ipo, ndiyo urudi kule wakujazie uhamisho. Ukianza na kutoka utabaki na karatasi mkononi na watoto nyumbani.

Na hiyo tochi nunua mbili. Usiku wa kwanza utaihitaji wewe.

Dalali Mstaafu

Laki na nusu zinajumlishwaje zikawa laki tatu na sitini? Hesabu ya kodi nimeifanya miaka kumi na nne, hiyo haijakaa. Muulize bibi tena kabla ya Jumamosi.

Mja Leo

Nimeandika vibaya mkuu, mchana nilikuwa juu ya dari la mtu nafunga kiyoyozi. Ni laki moja na kumi kila chumba, vitatu, na elfu thelathini ya maji na taka. Yameandikwa kwenye daftari la bibi, tumesaini wote wawili, na mama wa mihogo kaweka dole gumba kama shahidi.